Miaka ya Kumnyang'anya Ntandu Pombe

Mshahara wangu wa kwanza nimeusahau, na wa mwisho nisingependa kuuzungumzia. Vyeo nilivyopewa vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na kazi ya ziada, kwa hiyo navyo naviacha. Ninyi vijana mnaoshika zahanati sasa mmenisumbua niandike kabla sijasahau. Basi nitaandika jambo moja ambalo chuoni hawakunifundisha na nadhani hata ninyi hawakuwafundisha: namna ya kumtibu mtu anayekunywa kupita kiasi katika kijiji ambacho kila mtu anakunywa, mwenyekiti wa kijiji akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Mimi ni Mnyamwezi wa upande wa Tabora. Nalitaja kabila langu mapema, si kwa kujisifu, ingawa sababu za kujisifu ninazo, bali kwa kuwa kwenye habari hii lilifanya kazi kuliko dawa nyingi za kabatini. Nilimaliza mafunzo ya utabibu msaidizi wa vijijini miaka ile ya kuhamishia watu vijijini, familia zilizokuwa zimezoea kukaa mbalimbali, kila moja na mashamba na ng'ombe wake, zilipopangwa kwenye mistari kama wanafunzi. Nikapangiwa kijiji kimoja kipya nje ya Sepuka, kwa Wanyaturu. Nilifika juu ya lori la mifuko ya mbegu, na kabla sijajipangusa vumbi mwenyekiti akaniuliza kwetu ni wapi.

"Tabora," nikasema.

"Mnyamwezi!" Akageukia watu. "Jamani, tuliomba daktari, serikali imetuletea mtumwa wetu aliyepotea!"

Walicheka wote na mimi nikajisikia nimefika nyumbani. Ninyi wa siku hizi mnaotaniana kwa mpira tu, niwaeleze kidogo. Wanyamwezi na Wanyaturu ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukuchukulia kitu mkononi na kwenda nacho, na ukikasirika wewe ndiye utakayeonekana hukulelewa. Siku ile ile niliingia nyumbani kwa mwenyekiti, nikamwambia mkewe watumwa wangu wananinyima kuku, na kuku akachinjwa. Mwenyekiti naye akaondoka na soksi zangu.

Kesho yake nikavaa koti jeupe, na utani ukaishia hapo. Mtu aliyenitukana jana alisimama mlangoni amevua kofia, akanijibu "ndiyo, daktari" kwa kila nililosema, akaenda nyumbani asifanye hata moja. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Zahanati ilikuwa tembe lililoongezwa chumba cha bati. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tuliyachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, na sindano zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe. Kulikuwa na dawa ya malaria, dawa ya kikohozi iliyopendwa kwa utamu wake kuliko kwa kazi yake, vidonge vichache vya kutuliza, na Mama Elina. Huyu alikuwa nesi mkunga, Mnyaturu wa hapo hapo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ili umsikie. Alikuwa amezalisha nusu ya wale waliokuja kuniambia "ndiyo, daktari". Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kisha akaniambia ni wapi nilikosea jana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza. Nilikuwa namuuliza mgonjwa, "Unakunywa pombe?" Anasema kidogo. Wote walikunywa kidogo. Kijiji kizima kilikunywa kidogo, na mitungi ilikwisha. Mama Elina aliniacha nichoke, halafu siku moja akasema, "Usimuulize alichokunywa, mwanangu. Muulize alichokula." Nikajaribu. Mtu akiulizwa alichokula hana sababu ya kudanganya. Akikuambia tangu jana asubuhi hajatia kitu mdomoni, na hana homa, na shamba lake lina uwele wa kutosha, unajua tumbo lilijazwa na nini. Swali la pili lilikuwa, "Mikono yako asubuhi inatulia ukishafanya nini?" Anayesema inatulia kwa pombe, huyo msimwachie aondoke haraka. Mkeka upo, uji upo, mkalisheni.

Msije mkafikiri tulikuwa tunapambana na pombe yenyewe. Ningefukuzwa kwa mawe, na Mama Elina angeyaokota. Pombe ya mtama pale ilikuwa ndiyo njia ya kulima. Ukitaka shamba lako lipaliliwe unapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanapalilia hadi jua likae juu, kisha mnakaa mnakunywa. Katika kijiji kile kipya ilikuwa na kazi nyingine zaidi. Watu walikuwa wamewekwa ukuta kwa ukuta na majirani wasiowajua, waliotoka pande nyingine. Hawakujuana mababu wala tabia. Walichokuwa nacho cha kujuana ni kuzungusha kata, kile kibuyu kilichokatwa cha kunywea, kutoka mkono huu kwenda ule. Mwenye pombe anaonja kwanza, mbele yenu, ili muone hakuna kitu ndani. Kisha anakupa. Ukiikataa kata baada ya yeye kuonja, umemwambia mbele ya watu kwamba unamwogopa, na kwa nini mtu amwogope jirani yake kama hamshuku? Kwa hiyo tabibu anayemwambia mgonjwa "acha pombe" anadhani ametoa ushauri wa afya. Kumbe amemtuma mtu akagombane na mtaa mzima.

Petro Ntandu alikuwa mrina asali. Alichonga mizinga ya magogo, akaitundika juu ya miti ambayo mimi hata kutazama vilele vyake nilipata kizunguzungu. Alikuwa mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na mlevi wa kwanza kwa heshima niliyepata kumwona. Akilewa aliomba radhi kwa milango aliyoigonga. Mkewe, Paulina, ndiye aliyemleta. Ntandu alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa mzinga, si kwa kulewa bali kwa sababu asubuhi ile alikuwa hajanywa na mikono ilikataa kushika kamba. Macho yalikuwa na umanjano, ini limevimba nikaligusa chini ya mbavu. Nilimkalisha nikamwambia ukweli: akiendelea hivi, msimu ujao mizinga itarinwa na mtu mwingine. Lakini asiache ghafla. Apunguze kidogo kidogo, ale kwanza kabla ya kunywa, aje kila siku nimwone.

Mnawajua Wanyaturu. Mwambie Mnyaturu apunguze, ataona umemdharau. Ntandu alikwenda nyumbani akaacha siku ile ile. Jioni yake kulikuwa na pombe kwa jirani, mjane aliyeitwa Mama Monika. Mama Monika akaonja, akamnyooshea kata. Ntandu akasema, "Leo hapana," bila maelezo, akainuka akaenda zake.

Baada ya hapo ikawa kama nilivyoogopa. Siku iliyofuatia walimleta amebebwa mchana kweupe, anatetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka, akiwaona nyuki ukutani. Hakuwaogopa, maskini. Alikuwa anatuomba kwa adabu tumletee moshi ili awatulize. Mimi nilikuwa nahangaika na vidonge vya kutuliza, na jinsi ya kumnywesha mtu ambaye mkono wake hautulii. Mama Elina akatoka, akarudi na jiko lililokuwa linachemshia mabomba, akatupia majani mabichi kidogo, akaliweka pembeni ya mkeka. Ntandu alipoona moshi akaacha kuhangaika. Akameza vidonge. Tukampa maji, uji mwepesi wenye sukari, sindano ya vitamini, na Paulina akae karibu amtajie kila mara yuko wapi na ni saa ngapi. Nawaambia hili kwa uzito: mnywaji mkubwa akiacha ghafla peke yake nyumbani anaweza kufa, na jirani zake watasema amekufa kwa jambo jingine.

Wetu hakufa, lakini maneno yalianza kabla hajapoa. Alimkatalia Mama Monika kata, kesho yake akawa mwendawazimu. Ulitaka ushahidi gani zaidi wa uchawi? Mama Monika alikuwa ametokea pande nyingine, hana mume, hana kaka pale kijijini wa kumsemea. Watu wakaacha kwenda kuomba moto kwake. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Balozi wa nyumba kumi akaja zahanati kuniuliza, kwa sauti ya kiserikali, kama kitaalamu ingefaa yule mama ahamishiwe mwisho wa kijiji kule korongoni. Nilimweleza ugonjwa wa Ntandu ni wa pombe kukosekana mwilini. Akasema, "Ndiyo, daktari." Nikajua hajaamini hata neno moja. Na kweli, fikirini wenyewe: mtu ameacha pombe ndipo akaugua, halafu daktari anasema pombe ndiyo iliyomharibu ini. Hata mimi nisingejiamini.

Ntandu aliporudiwa na akili alisikia hayo yote. Akaja zahanati amenyoa ndevu, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wakaisha.

"Daktari, palizi ya Mama Monika inakuja. Amepika."

"Nani atakwenda?"

"Mimi nitakwenda. Wengine watakuja kunitazama mimi." Akatazama mikono yake. "Nitakunywa kwake mbele ya wote. Wakiniona nimekunywa nikabaki mzima, maneno yataisha."

"Utabaki mzima kwa muda gani, Ntandu?"

"Hilo ni langu."

"Kata moja tu?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kama mvua inaweza kunyesha tone moja. "Daktari, wewe hunywi. Hakuna kata moja."

Aliondoka na mimi nilibaki nimeshikwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Ndiye mtu mwema kuliko wote niliowatibu mwaka ule, na wema wake ndio ulikuwa unampeleka kufa. Asipokunywa, mama yule angefukuziwa korongoni akaishi peke yake kama kichaa. Akinywa, tungemzika kabla ya mavuno. Nikamwambia Mama Elina nitakwenda nimwamuru. Nitasimama pale kama tabibu wa serikali na kumkataza.

"Utamkataza nani?" akauliza. "Ukimkataza yeye, umewaambia watu pombe ya yule mama ina kitu. Umemmaliza." Akaendelea kukunja vitambaa. "Hivi wewe ni kabila gani?"

"Mama, si unajua."

"Mimi najua. Naona wewe ndiye umesahau. Vua hilo koti, uende na jembe."

Nilikwenda na jembe la kuazima. Nitawaeleza palizi yangu kwa kifupi: ilikuwa mbaya, nikakata uwele mwingi kuliko magugu, na kila mstari nilisikia wakisema Wanyamwezi walizoea kubeba mizigo, jembe walilionea wapi. Utani ulikuwa umerudi kwa sababu koti lilibaki msumarini. Watu walikuwa wengi, kama Ntandu alivyosema, na hawakuja kwa ajili ya magugu.

Jua lilipokaa juu tukakaa chini. Mama Monika alitoa mtungi. Akachota, akaonja, akameza waziwazi ili koo lionekane, akamnyooshea Ntandu kata. Paulina alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wengine, ameshika kanga mdomoni. Ntandu akapokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiinua.

Nikaruka nikampokonya.

"Tangu lini," nikapaza sauti, "mtumwa akanywa kabla ya bwana wake? Nyie Wanyaturu mmekaa na ng'ombe mpaka mmesahau adabu?"

Nikafikiri nimeharibu. Kisha mwenyekiti akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni, na wengine wakafuata.

"Mwizi!" Mama Monika akapiga kelele. "Mnyamwezi mwizi! Lete kata yangu!" Na nikaona uso wake umeanza kufunguka.

"Huu ni ushuru," nikasema. "Babu zenu walikuwa wanatulipa ushuru tukipita hapa na pembe za ndovu. Mna deni la miaka." Nikampa mwenyekiti kata. "Ninywee ushuru wangu." Mwenyekiti hakuhitaji kuambiwa mara mbili, akanywa yote mbele ya watu, akajifuta, akabaki mzima kama alivyokuwa siku zote, yaani si sana.

Mama Monika akachota nyingine, akampa Ntandu tena, safari hii huku akinitazama mimi kwa jicho la uchokozi. Nikapokonya tena. Nikasema huyu Ntandu bado mtoto, mpeni togwa. Togwa, kama mnavyojua, ndiyo pombe kabla haijawa pombe, tamu, ya kunywesha watoto na waliojifungua. Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akakimbia kwake akaleta. Ntandu akanywa togwa mbele ya kijiji kizima, povu jeupe kwenye sharubu, huku wakimwita mtoto wa Mnyamwezi. Alikuwa anacheka na macho yamelowa. Wengine walikunywa mtungi wa Mama Monika mpaka ukagota, kwa kuwa sasa hakuna aliyekuwa amekataa chochote. Aliyekosa aliibiwa, na aliyeiba ni mtani. Jioni yake niliona mtoto akitoka uani kwa Mama Monika na kijinga cha moto.

Kilichofuata sikukitarajia. Nilidhani ni siku moja, kumbe nimepata kazi ya pili. Kila palizi, kila harusi, kila mavuno ilibidi niwepo, maana Ntandu angepewa kata na mimi ningepaswa kuipokonya. Nilipalilia mashamba ya watu mpaka nikajifunza kulima. Nilipanda baiskeli hata nikiwa na homa. Mimi Mwislamu nisiyeonja nilikuwa mtu wa kwanza kuulizwa pombe iko nyumba gani leo. Halafu wanawake wakaanza kuja zahanati, mmoja mmoja, wanaanza na kikohozi, wanamalizia kwa sauti ya chini, "Daktari, na wangu mnyang'anye." Nikawa na wagonjwa wa kunyang'anywa. Wengine niliwanyang'anya kila mara, wengine kata ya tatu na kuendelea, wengine niliwaamuru kama ushuru wale ugali kwanza mbele yangu. Wale waliokuwa wazima nao wakalalamika kwamba siwanyang'anyi, nawabagua. Mama Elina alichukua upande wa wajawazito na wanaonyonyesha, na kwake hapakuwa na utani wala ushuru. Alikaa nao tu akazungumza, nao wakamwelewa.

Habari zikafika wilayani, kwa umbo ambalo habari hufika wilayani. Kwamba tabibu wa kijiji fulani amekuwa mlevi wa kupindukia, anazunguka vilabuni bila koti, anapora wazee pombe mikononi. Bwana mkubwa mmoja wa afya akaja na gari, akaitisha mkutano wa kijiji. Alikuwa amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, na alinichukia toka aliponiona nikishuka kwenye baiskeli na jembe mgongoni.

"Ni kweli unawapokonya watu pombe?"

"Kweli, mzee."

"Kwa nini?"

Nikisema kwa sababu Ntandu ni mgonjwa, nimetoa siri ya mgonjwa mbele ya mkutano, na ule ufundi wote umekwisha. Nikajibu, "Ni watani wangu, mzee." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema serikali hainilipi nitanie, na kwamba ataondoka na mimi kwenye gari lile lile ili nikajieleze mbele ya wakubwa. Mama Elina asingeweza kunitetea. Naye alikuwa ameapa kutunza siri kama mimi. Nilianza kufikiri nitamwambia nini mama yangu kule Tabora.

Ntandu akasimama.

Mtu yule hakuwahi kusimama kwenye mkutano wowote. Alitafuta pa kuweka mikono, mwishowe akaiweka kichwani.

"Mimi nina ugonjwa wa pombe," akasema. "Nikinywa nakufa. Na nikipewa siwezi kukataa. Siwezi, jamani, nimejaribu." Akamtazama Mama Monika. "Ile siku sikukataa ya kwako kwa sababu yako. Na ule wazimu haukutoka kwako, ulitoka kwangu. Huyu Mnyamwezi ananinyang'anya ili nisife, na ili wewe usisemwe. Mkimchukua, mnichukue na mimi, maana sina wa kuninyang'anya."

Akakaa chini. Hakuna aliyemcheka, na sisi pale tulikuwa tunacheka kila kitu. Mama Monika alisimama mahali alipokuwa, akasema kwa hasira iliyojaa machozi, "Ungeniambia, Ntandu. Mimi togwa najua kupika tangu nikiwa msichana." Bwana mkubwa alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akaniuliza kama kuna wengine wa namna hii. Nikasema wapo, siwataji. Akasema basi niendelee, ila nikiwa kazini zahanati nivae koti. Wakamfungia kuku wa kwenda naye.

Toka siku ile sikumnyang'anya Ntandu tena. Mama Monika alimtengea kata yake ya togwa, na kwa wengine vivyo hivyo, kwa sababu lilikuwa limekwisha kusemwa na aliyelisema hakufa kwa aibu. Alirudi kupanda miti yake. Si kwamba hakuanguka tena. Mara mbili tatu alirudi kwenye mkeka wetu, tukampa uji, Mama Elina akamkaripia. Lakini miaka ikaenda na mara hizo zikaisha. Nikahamishwa, nikaenda Iramba, nikarudi Tabora, nikazeeka. Mama Elina alifariki nikiwa mbali, na hilo linaniuma hadi leo. Hakuna niliyejifunza kwake kiasi kile.

Mwezi uliofuata baada ya kustaafu nikaletewa habari Ntandu amefariki, kwa uzee tu, amelala akaishia hapo. Nikapanda basi. Mtani ana kazi yake msibani, na kama mmelelewa mjini mtaiona ni kichaa: yeye ndiye anayemwigiza marehemu mbele ya waombolezaji, matembezi yake, maneno yake, makosa yake, mpaka wanaolia wacheke. Nilipofika uani, wazee wakaniona wakaanza kunitukana kabla sijaketi, nikajua wananingoja. Nikachukua kikombe cha bati, nikapita katikati ya watu nikiyumba, nikagonga mlango, nikauomba radhi mlango, nikaanguka, nikawafukuza nyuki wasiokuwepo. Mama Monika, mzee sana sasa, amekalishwa kwenye kiti, alicheka mpaka akashikwa begani. Mwenyekiti wa zamani alilia na kucheka kwa pamoja.

Vijana hawakucheka. Walitazamana. Nilipomaliza na kukaa chini kuvuta pumzi, akanijia mama mmoja mwenye mikono mikubwa, binti wa mwisho wa marehemu. Aliniamkia shikamoo kama inavyopasa.

"Mzee, utani naujua. Lakini una mpaka. Baba yangu hakuwa mlevi. Mimi nimekaa naye maisha yangu yote, sijapata kumwona ameshika pombe."

Nilitazama uso wake. Miaka yote ya kazi nilikuwa na jibu la haraka kwa Mnyaturu yeyote, lakini sasa nikaweka kile kikombe chini.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Nimemfananisha na mtu mwingine."

"Mtu gani huyo?"

Paulina alikuwa ameketi kwenye mkeka kando yetu, kitambaa cheusi kichwani. Ndiye aliyemjibu.

"Alikufa kabla hujazaliwa," akasema. "Mletee mzee maji anawe, ale."